Bawa la Mvule

Tushukie hapa, kwenye kona yenye ua wa minyaa, kabla barabara ya Busekera haijashika safari ya kwenda Majita. Ziwa liko mbele yetu, nyuma ya yale majabali, lakini pua hulifikia kabla ya macho. Harufu ya Makoko ninayoijua mimi, ya miaka ya 1996 hadi 1999, ilikuwa na tabaka mbili. Tabaka la chini lilikuwa dagaa, walioanikwa mchangani na juu ya mawe mapana tangu alfajiri, kina mama wakiinama kuwageuza kwa mafagio mafupi huku wakifukuza kunguru kwa maneno makali. Tabaka la juu lilikuwa mbao: utomvu wa paini, unga wa mninga uliotupigisha chafya, na siku za bahati, mvule. Pale harufu hizo mbili zilipokutana ndipo ilipokuwa karakana ya Mjomba.

Usiwazie jengo. Zilikuwa nguzo za mkaratusi zilizobeba mabati, na ukuta mmoja tu, wa mabati pia, upande unakotokea upepo wa ziwa. Pande nyingine zilikuwa wazi, kwa hiyo mtu aliyekuja kuulizia kitanda aliweza kuanza kulalamikia bei akiwa bado barabarani. Chini palikuwa na maranda yaliyofika vifundoni, makavu, yenye kukunjamana, na kuku wa jirani walitaga humo bila kuomba ruhusa. Juu ya ukuta wa bati, kwenye misumari, kila kitu kilikuwa na kitako chake: misumeno ya mkono, randa kubwa na ndogo, patasi zilizopangwa kwa upana, keekee yenye mpini uliong'azwa na viganja, matupa, skwea, pimamaji yenye kioo kilichopasuka lakini kiputo chake kikiwa bado kinasema kweli. Chini yake kopo la misumari iliyotumika, ambayo ilikuwa kazi yetu sisi wapwa kuinyoosha juu ya jiwe kila Jumamosi.

Upande mmoja ilisikika kengele ya seminari; upande mwingine, upepo ukikubali, tarumbeta ya kambi ya jeshi. Mjomba hakuvaa saa. Alisema anazo mbili, moja ya Mungu na moja ya Serikali, na zikipishana hufuata ya tumbo.

Sogea ndani, angalia miguu yako. Katikati, nusu ikiwa imefukiwa na maranda, ndipo iliposimama mashine ya kupasulia mbao. Meza yake ilikuwa ya chuma cha kusubu, nzito, yenye ubaridi hata saa nane mchana. Umeme ukikatika tulikuwa tunalaza mashavu yetu pale, na Mjomba, aliyekataza karibu kila kitu kuhusu mashine ile, hakuwahi kutukataza hilo. Katikati ya meza palikuwa na mwanya mwembamba, na humo ulichomoza msumeno wa duara. Chini yake mkanda wa raba, puli mbili, na mota iliyofungwa kwenye kipande cha reli. Ilikuwa mashine ya Kimarekani. Misheni moja iliitumia kwa miaka mingi kutengenezea madawati na fremu za milango, mpaka mota yake ya awali, iliyozaliwa kwa umeme wa volti 110, ikaungua kwenye nyaya zetu za 230. Mjomba alikuwa fundi wao. Alipostaafu aliulizwa anataka nini, akaitaja ile mashine, na wale waliokuwapo wanasema aliitaja kabla swali halijakwisha.

Wamarekani hawakuwa wageni Makoko. Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki kutoka kwao, waliingia Mara mwaka 1946, na mojawapo ya vitu walivyoanzisha hapa kwetu ni shule ya Kiswahili, ambako mapadre, masista na walei kutoka ng'ambo walikaa miezi wakijifunza lugha kabla ya kwenda kufanya kazi walikopangiwa. Walimu wao waliwatuma mitaani jioni wakaongee na watu. Karakana ilikuwa kituo kizuri, kwa sababu fundi hawezi kukimbia. Walifika na madaftari, wakasimama mahali ambapo mlango ungekuwapo kama pangekuwa na mlango, wakabisha hodi kwa sauti kubwa. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, karibuni." Halafu mmoja angegusa rundo la mbao na kusema polepole, jasho likimtoka, "Ubao huu ni mwembamba. Mbao zile ni pana." Mjomba aliacha kazi, akamtazama kwa heshima kamili, akajibu, "Kweli kabisa. Zile ni pana, ndiyo maana zinanisumbua."

Alisema kweli. Mashine ile ilikuwa na mpaka wake. Kando ya msumeno kulikuwa na chuma kirefu cha kuongozea mbao, tulichokiita kiongozi, ambacho husogezwa kulia au kushoto na kukazwa. Upana wa kipande unachotaka kukata ni nafasi iliyopo kati ya kiongozi na meno. Kiongozi cha mashine ya Mjomba kiliishia inchi 12. Kwa miguu ya vitanda, fremu, mabenchi na mbao za moja kwa kumi, inchi hizo zilitosha na kubaki. Ikija plaiwudi ya futi nne kwa nane, iliyovuka Sirari kutoka Kenya, mashine ilikuwa sawa na meza ya kuwekea chai. Plaiwudi ililazwa chini juu ya vipande vya mbao, mimi na binamu yangu tukakalishwa juu yake iwe uzito, uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu ukavutwa kutoka ncha hadi ncha, ukanyanyuliwa katikati kwa vidole viwili na kuachiwa. Tap! Mstari mweusi ulionyooka. Kisha Mjomba akapiga magoti na msumeno wa mkono, akakata futi nane nzima huku akihema, na tukasogea matako kila alipotufikia.

Mambo yangeendelea hivyo kama si sangara. Samaki huyo alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya miaka, halafu miaka ya 1980 akajaa. Kufikia nyakati ninazosimulia, Musoma ilikuwa na viwanda vya minofu, na boti za kukusanya samaki zilizunguka visiwani kununua kwa wavuvi na kurudi kabla samaki hajaharibika. Boti ya kukusanya samaki ni boksi la barafu lenye injini. Ndilo boksi lililomleta yule tajiri karakanani asubuhi moja, kofia mkononi, viatu vikiwa na magamba.

"Fundi, nataka maboksi manane. Yafanane. Kifuniko cha hili kikae kwenye lile."

"Ukubwa?"

Tajiri akatanua mikono, akaitanua tena kidogo zaidi. "Futi tatu kwenda juu. Nne kwa tano chini."

Mjomba alikubali bei bila kubishana, jambo ambalo lilimtia Shangazi, mkewe, wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Boksi la namna hiyo lina kuta mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake hujazwa kitu cha kuzuia joto. Viwanda vilikuwa na povu maalumu. Sisi tulikuwa na unga wa mbao, uliokaushwa juani na kufungwa ndani ya nailoni nene ili usinywe maji. Kuta mbili mara pande nne, na sakafu, na kifuniko, mara nane: ulikuwa mlima wa plaiwudi, na hakuna kipande hata kimoja kilichokuwa chini ya inchi 12. Kwa magoti ya Mjomba, isingewezekana.

Usiku ule alichora kwenye ubavu wa katoni ya sabuni, kalamu ikitoka na kurudi nyuma ya sikio. Asubuhi alikuwa ameamua: meza ingeongezwa upande wa kulia mpaka kiongozi kiweze kwenda futi nne.

Wa kwanza kuitwa alikuwa fundi wa kuchomelea kutoka Nyasho, kijana mwenye miwani myeusi iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alizunguka mashine mara moja tu.

"Nyepesi hii, Mzee. Nakupigia vyuma vya pembe viwili hapa ubavuni, mistari minne ya moto, jioni unapasua."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hiki chuma cha kusubu. Ukikipasha upande mmoja, upande wa pili ukiwa baridi, kitapasuka. Wewe nikatie vyuma vya pembe, unipe, moto wako urudi nao Nyasho."

Kijana alicheka, lakini alikata vyuma viwili vya futi saba, vilivyonyooka, na Mjomba akavichungulia kwa jicho moja kutoka ncha moja hadi nyingine, muda mrefu, akivizungusha, mpaka kijana akaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa.

Lile bawa, ndivyo tulivyoiita ile nyongeza, lilitengenezwa kwanza kwa mbao za paini zilizotoka mashamba ya miti ya Rubya, Ukerewe. Zilikuwa nzuri, nyeupe, zenye harufu tamu. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimejikunja. Ukilaza rula juu yake uliona mwanga ukipita katikati. Meza ya msumeno haitaki kilima wala bonde. Plaiwudi ikipanda juu ya kilima hutoka ikiwa imekatwa mshazari. Mjomba aling'oa bawa zima, akazigawa mbao kwa majirani wakatengeneze mabanda ya kuku, akaenda ufukweni na kusimama mbele ya mtumbwi mkuukuu.

Mtumbwi ule nauona mpaka leo: umelala ubavu juu ya mawe, mbali na maji, nyasi zimeota ndani yake, na kenge mmoja mnene alikuwa na makazi chini ya mkuku. Uliundwa enzi ambazo mvule ulikuwa bado unapatikana kwa upana wa kutisha. Mwenyewe alikwisha fariki na wanawe walikuwa wakiubandua kidogokidogo kwa kuni. Mvule kwa kuni! Mjomba hakusema neno, alitoa tu bei, na jioni tukabeba ubavu wa mtumbwi kichwani, mbao nne ndefu, za kijivu kwa nje, zenye mabaki ya pamba kwenye viungo na vipande vya bati vilivyopigiliwa kuziba nyufa.

Sasa kaa nasi uone kazi hii, kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda. Mbao ya mtumbwi imejaa misumari, na mingine imekatikia ndani. Jino la msumeno likikuta msumari, jino hutoka, na hujui litakwenda kwa nani. Mjomba alivunja spika ya redio iliyokufa, akatoa sumaku, akaifunga kwa uzi. Tuliipitisha juu ya kila mbao taratibu, sentimita kwa sentimita. Mahali penye chuma uzi uliyumba, sumaku ikavutwa na kugusa. Tulichora duara kwa chaki, akaja na patasi nyembamba, akachimba, akatoa kichwa cha msumari kilichooza, chekundu, akakitia kwenye kopo. Matundu aliyaziba kwa vijiti vya mvule huohuo. Halafu randa. Ile rangi ya kijivu ilitoka kwa utepe mmoja mrefu, na chini yake mbao ilikuwa ya dhahabu iliyokolea, yenye unyevunyevu wa mafuta, na harufu iliyopanda ilikuwa ya pilipili manga na ngozi. Miaka mingi juu ya maji na bado ilikuwa na harufu yake. Mjomba aliokota utepe ule wa kwanza, akaunusa, akampa kila mmoja aliyekuwapo anuse, mpaka mwanafunzi mmoja wa shule ya lugha, aliyeandika kitu kwenye daftari lake.

Meza ilitobolewa kwa keekee. Matundu manne ubavuni mwa chuma cha kusubu, mbele mawili na nyuma mawili, kwa mkono, unga wa chuma ukitoka mweusi, mkavu, bila kujisokota. Tulipokezana kushika. Vyuma vya pembe vikafungwa kwa boliti, mbele na nyuma, vikatoka nje ya meza kwenda kulia, na ncha zake zikategemezwa kwa mguu wa mbao ili uzito wa plaiwudi usiipindue mashine. Juu yake likalazwa bawa.

Kulisawazisha na meza ndiko kulikomaliza siku. Mjomba alilaza rula ndefu ya chuma, nusu juu ya chuma cha kusubu na nusu juu ya mvule, akapiga magoti, akachungulia kuelekea ziwani. Mwanga ulipoonekana chini ya rula alinyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa kipande cha bati la kopo la mafuta ya Kimbo, kilichokatwa kwa mkasi wa Shangazi. Kimoja hapa, viwili pale. Kaza. Chungulia. Legeza. Ondoa kimoja. Jua lilipokaribia maji mwanga wenyewe uligeuka mwekundu, ukawa uzi mwembamba mwekundu chini ya rula, halafu ukakatika. "Basi," akasema. Nilipitisha kiganja kutoka kwenye chuma hadi kwenye mbao nikiwa nimefumba macho, na nilichohisi ni ubaridi kuisha, si mpaka.

Kikabaki kiongozi. Cha zamani kilikuwa kinakazwa mbele tu. Kwa masafa mafupi hiyo inatosha, lakini kikipelekwa mbali mkia wake hulegea. Mjomba alitengeneza kipya kwa mkongo, mbao mbili zilizogundishwa migongo ili kila moja izuie nyingine isipinde, chenye kukazwa mbele na nyuma kwa nati za masikio. Halafu ikaja hesabu ya kukifanya kiwe sambamba na msumeno. Njia yake ilikuwa hii, na sijaona iliyo bora: chagua jino moja, litie alama, pima kutoka jino hilo hadi kwenye kiongozi likiwa mbele, zungusha msumeno kwa mkono mpaka jino lilelile liwe nyuma, pima tena. Jino moja, kwa sababu msumeno wenyewe unaweza kuwa umeyumba, na ukipima meno mawili tofauti utapima kuyumba kwake. Chaki ilikuwa inafutika. Binamu yangu wa kike, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa na rangi ya kucha nyekundu aliyoificha ndani ya kitabu cha jiografia kilichochongwa katikati, na baba yake alijua kitabu kilipo muda wote ule. Jino likapakwa. Hakuna aliyeuliza rangi ilitoka wapi, na kitabu kikarudi mahali pake.

Vipimo viwili vilipolingana, Mjomba alilegeza nyuma na kukitoa kiongozi nje kwa unene wa karatasi moja ya daftari. Nilidhani amechoka. Akaniita karibu. Kiongozi kikiegemea ndani huko nyuma, mbao hubanwa kati yake na meno ya nyuma, yale yanayopanda juu, yakainyanyua na kuirusha kwa yule anayeisukuma. Akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa bati. Palikuwa na bonde pale, usawa wa kifua cha mtu mzima, la siku ambazo mimi sikuwapo. Ndiyo maana sote tulifundishwa kusimama kushoto kidogo, kamwe si nyuma ya mbao, na ndiyo maana karatasi ile ya daftari ilibaki imebandikwa ukutani, chini ya bonde.

Plaiwudi ya kwanza ilipita Jumatatu. Mjomba mbele, mimi na binamu wa kiume nyuma tukiipokea juu ya bomba la maji lililozunguka kwenye farasi wa mbao. Mota ilinguruma, ikashuka sauti ilipouma, ikatulia. Futi nane zilikwisha kabla sijameza mate. Vipande viwili vikaachana vikiwa vimenyooka, makali yakiwa safi, yakinukia gundi iliyoungua kidogo. Mjomba alizima. Alipima mwanzo, katikati, mwisho. Futi tatu, futi tatu, futi tatu. Kisha akakaa juu ya gogo na kuvuta suruali yake magotini, akayaangalia magoti.

Maboksi manane yalitoka, na kifuniko cha hili kikakaa kwenye lile. Mengine yaliagizwa.

Mvua za El Nino zilianza mwishoni mwa 1997 na ziwa likapanda, zaidi ya mita moja kabla halijaridhika. Mawe ya kuanikia dagaa yalizama. Gugu maji lilisukumwa na upepo likajaa ghubani, kijani kitupu chenye maua ya zambarau, likiwa na nyoka na konokono wake. Maji yalifika nguzo ya kwanza ya karakana, kisha ya pili. Tuliinua mashine juu ya mawe, wanaume saba, na ikabidi rula na vipande vya Kimbo virudie kazi. Mvule haukusogea hata unywele. Milango ya Makoko nzima ilivimba na kukataa kufungwa, na Mjomba alikuwa akipita kwa jirani na randa mkononi kuipunguza, akirudi kila mara anapapasa bawa kwanza kabla ya kuketi.

Mwanzoni mwa 1998, kwa hofu ya kipindupindu, Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa kwetu. Watu waliokuwa wanauza kwa kilo wakarudi kuuza kwa mafungu. Maboksi mawili yaliyokwisha kutengenezwa hayakuchukuliwa. Moja likawa ghala la mtama la Shangazi, na katika lingine kuku walihamia kwa furaha. Kwa miezi kadhaa msumeno ulisikika mara chache, na hapo ndipo bawa lilipopata kazi zake nyingine. Vijana wasio na safari walicheza drafti juu yake kwa vifuniko vya soda. Shangazi alisukumia chapati pale Jumapili, akisema hakuna meza Musoma nzima iliyonyooka hivyo, na alikuwa sahihi. Sare zilipigiwa pasi ya mkaa. Sahani ya ugali wa udaga na mtama ililetwa ikifuka, sato katikati, na sote tukala tukiwa tumesimama, msumeno ukiwa umeshushwa chini ya meza na mwanya wake kufunikwa kwa ubao. Mtaa ukifiwa, jeneza lilitengenezwa juu ya bawa usiku, kwa taa ya chemli kama umeme haupo, na siku hizo hakuna aliyeweka drafti mpaka watu watoke matanga.

Redio ilikuwa juu ya bawa hilo tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Mjomba alikuwa katikati ya mbao. Alizima mashine, mbao ikabaki imeng'atwa nusu. Shule ya Mwisenge, ambako yule mtoto wa Butiama alianza kusoma mwaka 1934, haiko mbali na hapa. Wazee kadhaa wa Makoko walijua watu waliokaa naye dawati moja, au walisema hivyo. Kazi haikurudi mpaka alipozikwa Butiama tarehe 23. Hakuna aliyetuamuru kufunga, na hatukuwa na mlango wa kufunga.

Mjomba aliuza mashine miaka michache baadaye, macho yalipoanza kumpa mistari miwili badala ya mmoja. Nilikuwa Mwanza masomoni, kwa hiyo haya ni ya Shangazi. Mnunuzi alitoka Bunda na lori. Alipenda chuma, akapenda mota, akalitazama bawa na kusema hahitaji mbao za mtumbwi, atajitengenezea za kisasa. Mjomba akafungua boliti nne. Shangazi akaliweka bawa juu ya matofali barabarani, akapanga nyanya, vitunguu na mafungu ya dagaa, na genge lake likawa refu kuliko yote upande ule.

Haukupita muda mrefu mnunuzi akarudi, bila lori, kwa unyenyekevu.

"Mama, shikamoo. Nimelifuata lile bawa."

"Lina nyanya hilo."

"Nitalipia."

"Nyanya au bawa?"

Hakupewa. Ilijulikana baadaye, walipompa chai, kwamba alikuwa amempata fundi wa moto, akachomelea vyuma ubavuni, na chuma cha kusubu kikapasuka kutoka ukingoni kuelekea kwenye mwanya, urefu wa kiganja. Mjomba, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, aliomba mfuko wake wa zana. Alipanda basi naye siku ileile, keekee ikiwa imechomoza kwenye mfuko. Kule Bunda alitoboa tundu dogo kwenye ncha kabisa ya ufa ili usiendelee, akafunga bamba la chuma chini yake kwa boliti, akatengeneza bawa jipya la mkongo, akachungulia, akakaza, akachungulia tena, akimwuliza kijana wa pale kama mwanga bado upo. Bawa alimfanyia bure. Aliona ni sehemu ya mashine aliyomuuzia. Ufa alimtoza. Alirudi na madebe mawili ya mtama na mbuzi mmoja, na Shangazi akasema mbuzi mwenyewe amekonda.